Nataka kumpeleka mama Ikombe, Ziwa Nyasa. Julai au Oktoba?

BintiMkisi: Habari zenu wakuu. Mama yangu ni Mkisi wa Ikombe, karibu na Matema. Aliondoka kule akiwa mdogo, na siku hizi haupiti muda bila kuulizia kwao. Tatizo magoti yanamsumbua, na mimi sijawahi kuvuka Tukuyu. Tunatokea Dar. Likizo naweza kuchukua Julai au Oktoba. Naombeni ushauri.

KyelaKwetu: Oktoba, dada. Julai ni mwera, upepo wa kusini unaolichafua ziwa mpaka mitumbwi inashinda ufukweni. Aprili na Mei msijaribu, mvua ya Kyela haina mchezo. Pandeni basi la Kyela, au treni ya TAZARA hadi Mbeya, kama inasafiri, kisha gari la Kyela, halafu Ipinda, Matema. Mkifika laleni hapo, mama apumzike kwanza.

MpandaMilima: Matema hadi Ikombe kuna njia ya miguu kandokando ya ziwa, na Milima ya Livingstone imesimama juu yako muda wote. Mimi ningetembea.

KyelaKwetu: Wewe sawa mkuu, ila mwenye magoti mabovu hapana. Ile njia ni mawe na miinuko. Wakodi mtumbwi wa mashine, watoke alfajiri maji yakiwa yametulia. Dada, ulizia jaketi za kujiokoa kabla hujalipa. Mwenye mtumbwi akiwa hana, tafuta mwingine, hata akikuambia safari ni fupi.

MamaVyungu: Mfikishie mama shikamoo yangu. Pangeni Jumamosi iwakute Matema, muende soko la Lyulilo. Akina mama wa Kikisi wanaleta vyungu pale, na wengi wanatoka hukohuko Ikombe. Mama ataje jina la baba yake na ukoo. Kama ndugu wapo, habari itatangulia kijijini, nanyi mtapokelewa na watu wanaowatarajia. Kwa mtu aliyepotea miaka mingi hilo ni kubwa kuliko usafiri wote tunaojadili.

Tabibu_Mstaafu: Dawa zake za kila siku zitoshe na zizidi, chandarua msiache. Kichocho kipo ziwani, msioge kwenye maji yaliyotuama penye majani. Bebeni fedha taslimu.

BintiMkisi: Asanteni sana, Mungu awabariki. Oktoba basi. MamaVyungu, nimemsomea mama ujumbe wako, ameanza kunitajia majina ya shangazi zake na mimi nayaandika. Sokoni niulize kwa nani kwanza?

MamaVyungu: Anza na wazee waliokaa na vyungu vikubwa. Na mwache mama aulize mwenyewe, kwa Kikisi.