"Mjomba, tena lini?" Wapenzi wa kriketi mlioko kusini, nimjibu nini mpwa wangu?

Mvuta Roli, Mikindani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Huku kwetu ukitaja timu ya taifa, mtu anawaza Taifa Stars moja kwa moja. Stars naipenda. Lakini inayoninyima usingizi ni timu ya kriketi. Nimeifuata tangu 2008, miaka mingi nikiwa peke yangu mtaa mzima, na sasa limenifika jambo nataka ushauri.

2008 nilikuwa Dar, kibarua kwenye kiwanja kimojawapo cha kriketi. Kazi yangu kuvuta roli. Ni pipa la chuma, zito, mnalivuta watu wawili au watatu alfajiri umande haujakauka, mnakwenda mnarudi juu ya kile kipande cha katikati mpaka udongo unakaza na kung'aa kama sakafu iliyopigwa niru. Ukilisimamisha pabaya linaacha alama, na alama hiyo mpira ukiidunda unaruka kichwani mwa mtu. Kwa hiyo tulikuwa tunavuta kwa adabu.

Oktoba mwaka ule yakaja mashindano ya dunia ya daraja la nne. Tulikuwepo sisi, Hong Kong, Italia, Fiji, Jersey na Afghanistan. Mchezo wenyewe nilikuwa siujui. Msimamizi wetu, mzee wa Kihindi, alinikalisha kivulini akanifundisha kwa vijiti na kokoto: mipira sita ni ova moja, hizi nguzo tatu ni wiketi, ukikimbia mpaka upande wa pili umepata mkimbio. Jioni ya siku ya pili nilikuwa nimeshanasa.

Kombe wakachukua Waafghani. Nawaomba mlishike hilo: walikuwa daraja la nne, lilelile letu sisi. 2010 wakacheza Kombe la Dunia la ova 20, ule mchezo mfupi ambao kila timu inapigia ova 20 tu. 2024 wakafika nusu fainali. Nami niliwaona kwa macho yangu wakifunga viatu wamekaa kwenye majani.

Ndiyo maana sijaweza kuiacha timu hii. Kila nikitaka kuiacha nakumbuka kwamba tulisimama mstari mmoja na wale.

Sasa maumivu. Novemba 2023, Windhoek, Namibia walikata tiketi ya Kombe la Dunia kwa kutufunga sisi, na Uganda nao wakapita. Nikameza. 2025 mchujo ukaenda Harare. Kwenye kundi tukamaliza juu ya Uganda, hao hao waliokuwa wametoka Kombe la Dunia mwaka uliotangulia! Tukaingia nusu fainali. Ukishinda mechi hiyo moja, unakwenda Kombe la Dunia, India na Sri Lanka. Mechi moja tu.

Ilikuwa tarehe 2 Oktoba. Nilikuwa shambani kwa dada yangu, Nanyamba, tunaanika korosho. Mtandao pale unashika sehemu moja, juu ya kichuguu nyuma ya banda. Simu akawa nayo mpwa wangu, ana miaka 15. Mimi nageuza korosho kwenye turubai, yeye anapanda kichuguuni kila ova moja na kunishushia namba. Namibia wakamaliza na mikimbio 174. Nikamwambia zinafikika, na niliamini. Tulipoanza kupiga sisi alikuwa anashuka mbio. Ilipofika kama ova ya kumi nikaona anashuka anatembea, nikajua kabla hajasema. Tuliishia 111, wiketi nane chini, yaani wapigaji wetu wanane wametolewa. Tofauti mikimbio 63. Akasimama pembeni ya turubai, mikono inanuka mabibo, akaniuliza, "Mjomba, tena lini?"

Nikamwambia 2028, Australia na New Zealand, lakini kwanza mchujo. Akahesabu kwa vidole atakuwa na umri gani.

Januari 2026 tukapata faraja ya vijana chini ya miaka 19. Walishinda mchujo wa Afrika kule Lagos 2025, mara ya kwanza katika historia yetu, wakaenda Kombe la Dunia la vijana Zimbabwe na Namibia. Kundi lao: West Indies, Afrika Kusini na Afghanistan. Nilipoliona jina la Afghanistan nilikaa chini. Hatukushinda hata mechi moja ya kundi. Safari hii mpwa hakuuliza kitu. Alichukua mpira akaenda pwani.

Huyu mtoto anarusha. Sisemi kwa sababu ni wa dada yangu. Maji yakitoka, mchanga unabaki mgumu, tunachomeka vijiti vitatu, na tunao watoto kama kumi na wanne wanaokuja. Mpira ni wa tenisi uliozungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme upande mmoja, ili upinde hewani. Bati la kupigia tulichongewa na fundi wa vinyago. La kwanza alilitoa kwenye mpingo, zuri kulitazama, lakini mpira ukigonga mikono inakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. La pili la mninga ndilo tunalotumia.

Dada yangu amesema, "Mwache mwanangu asome, usimpe ugonjwa wako." Neno hilo limenikaa. Mimi nilijichagulia timu hii nikiwa mtu mzima. Je, ni haki kumrithisha mtoto? Na kama ni haki, kijana wa Mtwara anapita njia gani mpaka aonekane?

---

Mwalimu wa Masasi

Kaka, pole kwa Harare. Ila nimesoma maelezo yako yote nikisubiri ufike kwa wanawake, hukufika.

Unasimulia kana kwamba timu ya taifa haijakupa kitu. Kigali, Juni 2019, mashindano ya Kwibuka: Tanzania ilipiga mikimbio 285 dhidi ya Mali, ikapoteza wiketi moja tu. Fatuma Kibasu peke yake 108, na hawakumtoa. Tukachukua kombe. 2022 tukarudi Kigali tukalichukua tena, fainali tukiwafunga Kenya. Nayo si timu ya taifa hiyo? Ningependa mpwa wako ajue kwamba siku za kushangilia zilikuwepo, mjomba wake tu ndiye alikuwa anatazama upande mwingine.

Kati ya watoto wako kumi na wanne, wasichana wangapi?

Kuhusu dada yako, mimi ni mwalimu, nipo upande wake nusu. Mtoto wa miaka 15 yuko kidato cha pili, mwaka huu ana mtihani wa taifa. Weka siku mbili za mchezo kwa wiki, zijulikane, na siku nyingine asiguse mpira. Mzazi akiona kuna ratiba moyo unatulia. Akiona mtoto anapotelea pwani kila jioni, hata ungekuwa mchezo gani angeupinga.

---

Mtu wa Chuno

Mkuu sikukatishi tamaa lakini huu mchezo una wenyewe, na wenyewe wako Dar. Kama mtoto ana mkono na mbio mpeleke kwenye mpira wa miguu, akaoneshe uwanja wa Nangwanda watu wamuone. Kriketi hapa nani atamuona? Hata uwanja hatuna.

---

Mwera wa Mombasa

Mimi wa Ruangwa, mwaka wa kumi na sita niko Mombasa kikazi. Nisikilize, maana nimeishi na watu walioonja ulichokitamani wewe.

Wakenya wanaoujua mchezo huu wakikaa kahawani hawamalizi kukusimulia. 29 Februari 1996, Pune, India: Kenya walipata 166 tu, halafu wakawatoa West Indies wote kwa 93. West Indies ya yule mpigaji hodari Brian Lara! 2003 wakiwa na nahodha Steve Tikolo wakawafunga Sri Lanka pale Nairobi, Collins Obuya akachukua wiketi tano, wakaenda mpaka nusu fainali ya Kombe la Dunia, Durban, wakatolewa na India. Taifa la Afrika Mashariki, nne bora za dunia.

Mwaka uliofuata wachezaji wakagoma kwa sababu ya malipo. Uongozi ukagombana. Mechi kubwa zikapungua, wakongwe wakazeeka pamoja bila wa kuwapokea. 2014 wakapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Na huko Harare ulikoumia wewe, Kenya nao walitolewa nusu fainali na Zimbabwe. Nilikaa na mzee mmoja siku hiyo, dereva wa zamani wa malori, ana picha ya timu ya 2003 imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Hakusema neno.

Kwa hiyo usimwahidi mtoto kwamba tukivumilia tutakuwa kama Waafghani. Tunaweza kuwa kama Wakenya pia. Mwambie yote mawili, ana umri wa kuelewa.

---

Mzee wa Mnazi Mmoja, Lindi

Wanangu, marahaba.

Ndugu wa Chuno anasema mchezo una wenyewe. Utotoni mwangu Lindi mjini, Jumapili maduka yakifungwa, vijana wa Kihindi walikuwa wanacheza kriketi, na sisi watoto wa Kimwera kazi yetu ilikuwa kuokota mpira ukivuka mpaka wa uwanja. Mpira mwekundu, wa ngozi, mgumu kama kokwa la embe. Mmoja wao, mtoto wa muuza vitambaa, akawa ananiachia nirushe wakingoja wenzao. Hakuna aliyenifukuza. Kwa hiyo uenyewe ni wa aliyepewa nafasi.

1975 lilipochezwa Kombe la Dunia la kwanza kule Uingereza, Afrika Mashariki tulipeleka timu moja, imechanganya nchi zetu na Zambia. Walifungwa mechi zote tatu, na New Zealand, na India, na wenyeji Uingereza. Mchezaji mmoja wa New Zealand, Glenn Turner, alipiga 171 peke yake. Rafiki yangu yule alikuwa ananihesabia redioni huku anakunja vitambaa, na kila wiketi moja tuliyopata alikuwa anapiga meza.

Familia yao ilipohama aliniachia bati lake. La mti wa huko Ulaya, jepesi, mshikio umefungwa uzi wa katani. Kila mwaka nalipaka mafuta ya kitani na kulirudisha kwenye kitambaa. Sina mjukuu aliyelitaka. Mlete huyo mpwa.

---

Mvuta Roli, Mikindani

Nimesoma majibu haya mara tatu, mara ya mwisho nikamsomea dada.

Mwalimu, umenipata. Wasichana wanaokuja ni wawili, na tangu waanze kuja kazi yao ni kufuata mpira majini. Bati hawajawahi kushika. Kosa ni langu, maana mimi ndiye ninayepanga. Jana nimeanza nao. Mmoja anasimama mguu wa kushoto mbele bila kufundishwa na mtu. Na zile 285 nimemwambia mpwa, amekaa nazo kimya, halafu akauliza huyo Fatuma alijifunzia wapi.

Ndugu wa Chuno, sijakasirika. Nangwanda nami nakwenda. Lakini mtoto anachokipenda kina sauti yake, na huyu mpira wa miguu anaucheza kwa kutii tu.

Mwera wa Mombasa, hilo lako ndilo gumu, na ndilo nililomweleza mpwa usiku ule ule, 1996 mpaka 2014, bila kumpunguzia. Aliniuliza kosa lilikuwa la wachezaji au la viongozi. Nikamwambia sikuwepo, ila timu isiyoandaa watoto nyuma yake inakauka kama kisima. Akasema, "Basi sisi ndio wa nyuma." Sikuwa na la kuongeza. Msalimie yule mzee wa malori.

Tumekubaliana hivi na dada. Jumatano na Jumamosi tu. Mtihani wa kidato cha pili ukiisha, likizo ya Desemba nampeleka Dar mimi mwenyewe, kwa nauli yangu ya korosho. Nitaenda kwenye geti la uwanja ule ule niliovuta roli, niulize watu wa chama cha kriketi wanapokea vijana siku gani, na nitasimama hapo mpaka mtu amuone akirusha mipira sita. Wakisema hafai, tutarudi pamoja na nitaendelea naye pwani. Dada ameongeza sharti lake: matokeo yakishuka, hakuna safari. Nimekubali mbele ya mtoto.

Mzee wangu wa Mnazi Mmoja, Jumamosi hii tunapanda gari la saa 12 asubuhi kuja Lindi. Tutakuletea ming'oko. Mpwa ameshaanza kuuliza mafuta ya kitani Mtwara mjini yanauzwa duka gani. Mwenye kujua aniambie kabla ya Ijumaa.