Mchango wa vifaa vya amali: hela ya serikali inaishia wapi?

Mama Kulwa, Buhongwa
Mwadila wakuu. Naombeni mnieleweshe maana mimi na baba watoto tumebishana hadi ugali umepoa. Kijana wetu yuko form one, kapangiwa mkondo wa amali, yaani ule wa ufundi, fani ya kuchomelea, na tulifurahi kwa sababu huyu toka mdogo redio za watu hazisalimiki mikononi mwake. Sasa juzi kaja na karatasi, kila mzazi wa amali alete elfu 45 ya vifaa, na ovaroli na glavu unajinunulia mwenyewe. Si tuliambiwa elimu bila ada jamani? Karakana imejengwa nzuri tu, rangi inang'aa, mashine ziko ndani hata nailoni hazijatolewa. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, kutoa siyo kwamba nakataa, ila nijue kwanza ya serikali inafikia wapi na yangu inaanzia wapi.

Ticha wa Misungwi
Pole mama. Shule yenu siisemei, nasema ninayoyaona kwetu. Ruzuku ya sekondari ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu inabaki juu kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo shuleni inaingia 12,500. Gawanya kwa miezi uone, ni buku na chenji kidogo kwa mwezi, humo humo utoe karatasi za mitihani, ukarabati na mambo ya ofisi. Hesabu hiyo ilipigwa kwa ajili ya mtoto wa daftari na kalamu, ila huyu wa kuchomelea anakula chuma! Darasa likiingia karakana pakiti ya vijiti vya kuchomelea inaisha nusu yao hata mashine hawajaigusa, halafu Luku ya umeme nayo inalia. Hela ya jengo inakuja mara moja na inapigiwa makofi, hela ya vijiti inatakiwa kila wiki na haina mtu wa kuikatia utepe. Ndiyo maana mashine zenu bado zina nailoni.

Nyakato Boy
Si angemaliza tu form four aende chuo cha ufundi cha VETA hapa Nyakato, ada ya kutwa ni elfu 60 kwa mwaka, bweni laki na ishirini. Amali ya sekondari naona ni siasa.

Fundi Mkuu Igogo
@Nyakato Boy taratibu mdogo wangu, hiyo elfu 60 unaiona ndogo kwa sababu kuna mtu anajazia. Mimi nina karakana, vijana wamezidi kumi, kwa hiyo kila mwezi nakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, asilimia kadhaa ya mishahara yote ninayolipa (zamani ilikuwa 6, ikawa inashuka shuka, 2023 ikafika 3.5). Jina lake ni ujuzi, lakini theluthi moja tu ndiyo inaenda mfuko wa mafunzo ya ufundi, mbili zilizobaki zinaingia hazina, na sisi waajiri miaka yote tunalalamika kwamba zinaishia kwenye mikopo ya vyuo vikuu. Sina ugomvi na wasomi, binti yangu mwenyewe yuko chuo kwa mkopo huo huo. Ila kijana anakuja kwangu na cheti, nampa bomba achomelee lililosimama wima, chuma kinamchuruzika chote kinadondoka chini, nikimuuliza anasema kule walichoma vya kulala tu, tena kwa zamu. Hapo utamlaumu mtoto?

Mkerewe Halisi
Mngekuja Ukerewe mkaona. Tumezungukwa na maji, fani inayoletwa ni ushonaji na uashi. 2024 Rais alikuja hapo Mwanza akakabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki, vyote vya mkopo, jambo zuri, sasa injini ikizima katikati ya ziwa fundi anatoka wapi? Wanaofundisha uvuvi ni chuo cha FETA hapo Nyegezi na huko lazima umalize sekondari kwanza. Hela ya amali ingefuata kazi ya mahali husika, siyo orodha moja toka Dodoma.

Ticha wa Misungwi
Mkerewe umenena. Mama Kulwa turudi kwako, mchango siyo dhambi ila waraka wa elimu bila ada wa 2016 hauruhusu uwe wa lazima, na mtoto hafukuzwi kwa kutochangia, tena lazima uwe na kibali kutoka juu. Uliza kama kibali kipo. Halafu omba mchanganuo: vijiti pakiti ngapi, umeme kiasi gani, na hela iingie akaunti ya shule, isipite mkononi mwa mtu.

Mama Kulwa, Buhongwa
Asanteni sana, hapo kwenye mchanganuo ndipo nilipokuwa napataka. Jumamosi kuna kikao cha wazazi, nitasimama niulize, na baba watoto atakuwa nyuma yangu ananivuta kanga nikae, namjua.

Fundi Mkuu Igogo
Simama dada. Na uwaambie wasinunue bati jipya la kufanyia mazoezi, ni upotevu, kwangu vipande vya bomba na flatibaa vimejaa uani, mwenye vyuma chakavu anakuja kuvichukua kwa bei ya bure. Ntawajazia guta zima. Shule iko karibu na stendi au kule juu Lwanhima?

Mama Kulwa, Buhongwa
Lwanhima kaka. Guta lije asubuhi, mchana kile kilima halipandi.