Mjadala: Neno linapoumiza ndani ya gemu, lifutwe au liachwe?

Mtoa hoja:

Ndugu wanajamvi, naleta hoja ambayo huku kwetu huchukuliwa kuwa ya watoto, ilhali kampuni kubwa za michezo ya video zimewahi kurudisha bidhaa kutoka madukani kwa ajili yake. Neno moja ndani ya gemu linapowaumiza watu, je, lifutwe, libadilishwe, au liachwe kwa kuwa huo ni mchezo tu? Msimamo wangu nautoa mapema, ili anayetaka kuupinga aanze nao. Ukali wa neno si kipimo cha kwanza. Kwanza tuulize ni nani analisema. Mhusika mwovu akimtukana mwenzake ndani ya kisa, hayo ni masimulizi, na mtu mzima anayajua masimulizi. Lakini gemu yenyewe inapompa mchezaji cheo, inapompa amri, au inapowapachika watu wa jamii fulani jina la zimwi, hakuna tena mhusika wa kubebeshwa lawama: anayesema ni mtengenezaji, na anayeambiwa ni aliyeshika pedi ya kuchezea.

Chukueni Uingereza mwaka 2007. Ubisoft waliiondoa sokoni Mind Quiz, gemu ya kunoa akili, kwa sababu mchezaji aliyefanya vibaya alitunukiwa cheo chenye neno ambalo Waingereza walilitumia kuwaita watu wenye mtindio wa ubongo, kisha likageuka tusi la shuleni. Muda mfupi baadaye Nintendo wakairudisha Mario Party 8 kwa neno hilohilo, safari hii likiwa katika maneno ya mchawi anayeiroga treni. Toleo la Marekani lilikuwa limeuzwa nalo, kwa kuwa huko neno hilo halina uzito huo. Uingereza, chama kikubwa cha kuwahudumia watu hao kilikuwa kimeshaliondoa katika jina lake tangu 1994 na kujiita Scope. Mimi natofautisha kesi hizi mbili. Ya Nintendo naiona uzembe wa uhariri. Ya Ubisoft ni nzito zaidi, maana fikirieni gemu ya Kiswahili inayomwambia kijana aliyekosa hesabu kwamba yeye ni “zeruzeru”, naye ana ndugu yake mwenye ualbino ameketi pembeni anaangalia kioo.

Grand Theft Auto: Vice City ya mwaka 2002 ndiyo inayokisumbua kipimo changu, nami sifichi. Mchezaji anaingizwa katika ugomvi wa magenge ya Wakuba na Wahaiti, katika mji wa kubuni uliochorwa kwa sura ya Miami, na humo mna maneno ya kuhimiza Wahaiti wauawe. Mwaka 2003 Wahaiti waishio Marekani walipinga hadharani, na kampuni ikakubali kuyaondoa katika nakala zilizofuata. Kwa haraka mtu atasema hayo ni masimulizi. Lakini maneno yale yalikuwa pia agizo la kazi, na katika gemu agizo lisipotekelezwa hatua inayofuata haifunguki. Msomaji wa riwaya hatakiwi kuikamilisha kazi ya mwovu ndipo afungue ukurasa.

Kisha iko kesi inayotugusa sisi wenyewe. Machi 2009 Capcom walitoa Resident Evil 5, ambayo kisa chake kiko Kijuju, eneo la kubuni la Afrika Magharibi. Wanakijiji walioingiwa na vimelea wakageuka wauaji wanaitwa Majini, nao wanapokuvamia wanapiga kelele kwa Kiswahili, lugha ambayo si ya Afrika Magharibi hata kidogo. Kimelea kinachomtoka mtu na kuruka hewani kinaitwa Kipepeo. Dude kubwa lenye umbo la popo linaitwa Popokarimu, jina ambalo Mswahili atalicheka kabla ya kuliogopa. Tena kwa watu wa pwani majini si kinyago cha sinema. Wamo katika imani na katika uganga. Katika majina haya hakuna tusi hata moja. Ubishi uliozuka tangu matangazo ya awali ya mwaka 2007 ulihusu zaidi picha, yaani Mzungu mwenye bunduki mbele ya umati wa Waafrika. Mimi nataka tuongeze lugha katika ubishi huo. Kwa mchezaji wa Osaka au Texas, huenda hicho ndicho Kiswahili cha kwanza alichokisikia maishani, nacho kimemfikia kama mlio wa kitu cha kupigwa risasi.

Mchangiaji wa kwanza:

Mtoa hoja, nakuheshimu, lakini kipimo chako hakitoshi. Oktoba 2008 Sony walisimamisha uzinduzi wa LittleBigPlanet dunia nzima, kwa sababu wimbo mmoja ndani yake, wa marehemu Toumani Diabaté wa Mali, ulikuwa na vifungu viwili vya maneno yanayopatikana katika Kurani. Hapakuwa na tusi, wala zimwi, wala amri. Diabaté mwenyewe alikuwa Mwislamu, na alieleza kwamba kwao muziki unaotokana na dini ni jambo la kawaida. Hata Marekani walikuwapo Waislamu waliopinga wimbo ule kuguswa, wakitetea uhuru wa kujieleza. Sisi tuliokulia Mombasa tukisikia kasida na dufu tunamwelewa mpiga kora huyo, yaani mpiga ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, ingawa nawajua mashehe ambao wangesimama na waliolalamika. Sasa nani alikuwa na haki ya kusema neno la mwisho? Kipimo chako hakinijibu.

La pili ni athari. Juni 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilibatilisha sheria ya California iliyozuia watoto kuuziwa gemu zenye ukatili, na ikasema kwamba tafiti zilizoletwa hazikuthibitisha kuwa gemu ndizo zinazowafanya watoto wawe wakali. Ikiwa kuua mtu kwenye kioo hakujathibitishwa kumharibu mtoto, neno moja tutalithibitisha vipi? Na hiyo Resident Evil 5 niliicheza na rafiki zangu, tukashangilia kusikia lugha yetu. Si kila mwenye lugha aliudhika, na si vyema tukaudhika kwa niaba ya wengine.

Mchangiaji wa pili:

Kaka zangu, ninyi mmefika mahakamani. Mimi nina banda la gemu, na kinachonishughulisha hakimo ndani ya diski. Bandani kwangu hakuna anayesoma maandishi ya kisa, vijana wanabonyeza kuyaruka. Yanayobaki ni yale yanayoingia kwa hedifoni kutoka kwa wachezaji wenzao wa mtandaoni. Nina mvulana wa darasa la sita ambaye kila akifunga bao alikuwa akipaza sauti kwa neno la Kiingereza la kuwadhalilisha watu weusi, akiamini maana yake ni “safi sana”. Nilipomuuliza amelitoa wapi, akainyooshea kidole hedifoni. Yule si mbaguzi, na neno lile halikumfanya mbaguzi. Limemfanya ajitukane mwenyewe na babu zake kwa furaha. Kaka wa Mombasa, athari ya namna hiyo sidhani kama majaji wale waliulizwa.

Ndiyo maana naona Riot Games walitumia busara Oktoba 2021 walipozima gumzo la maandishi kati ya timu pinzani katika League of Legends, gemu yao ya timu inayochezwa mtandaoni, huku wakikiri kwamba matusi ya ndani ya timu yangebaki. Hawakukaa kuhukumu neno kwa neno. Vichujio vya maneno mimi siviamini. Mwaka 1996 kichujio kilichokuwa kikisaka mfuatano wa herufi kiliwazuia wakazi wa Scunthorpe, mji wa Uingereza, kujisajili kwa AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kwa sababu jina la mji wao lina tusi katikati. Kwa Kiswahili kitafanya maajabu zaidi. “Mashitaka” na “kushitukiza” yote yamebeba tusi la Kiingereza ndani yake, kwa hiyo mchezaji anayewaonya wenzake kwamba adui anakuja kwa kushitukiza atafutiwa onyo lake, huku matusi yetu ya nguoni, ambayo kila mtu hapa anayajua, yakipita bila kuulizwa mbele ya kichujio kisichojua lugha.

Mtoa hoja:

Dada, la gumzo naliafiki: huko anayesema ni mtu, si gemu, na dawa yake ni nyingine. Kaka wa Mombasa, maneno ya LittleBigPlanet mimi sikuyaita tusi. Maneno matakatifu ni suala la mahali yanapowekwa, na wa kuulizwa walikuwa Waislamu wa namna mbalimbali, Diabaté akiwa mmoja wao, kabla ya diski kuchapwa. Sony waliamua diski zikiwa tayari njiani kwenda madukani, na anayeamua katika hali hiyo huchagua lililo rahisi, yaani kufuta.

Kuhusu mahakama, majaji walipima kama mtoto atakuwa mkali. Sidai kwamba aliyecheza Resident Evil 5 atamshambulia Mswahili. Ninachodai ni kwamba mtu mwenye ulemavu, au Mhaiti, amekuta jina lake likitumiwa vibaya katika kitu alichokinunua kwa fedha yake, na hapo hana pa kujibia. Hilo halihitaji takwimu za ngumi. Ulishangilia kusikia lugha yako, sawa, lakini wewe ulishika bunduki ya nani, na waliokuwa wakiongea Kiswahili hicho uliwafanya nini?

Sitaki gemu hiyo ifutwe. Nataka kampuni inayotaka kuitumia lugha yetu imwajiri mhariri wa Kiswahili mapema, majina yakiwa bado rasimu, na imlipe kama inavyomlipa mchoraji. Humu ndani najua wamo watu waliowahi kutafsiri gemu na programu za simu. Naomba watuambie waliitwa wakati gani, na kama kuna neno waliwahi kulikataa likaondolewa kweli.