Mrejesho: kidonda cha ugoko, manjano na choroko

Wakuu, narudi na mrejesho. Wiki tano zilizopita niliuliza: nimeanguka na pikipiki hapa Pune, India, kidonda cha ugoko hakifungi, mama mwenye nyumba anasema nipake manjano na niache mtindi. Nimsikilize?

Mliosema "hospitali kwanza", asanteni. Daktari alikisafisha, akanichoma sindano ya pepopunda, akapima sukari, iko sawa. Ndipo nikaenda kwa vaidya, tabibu wa Ayurveda (tiba ya jadi ya India) mwenye leseni. Manjano ya jikoni aliyakataa katakata. Kila asubuhi alikiosha kwa maji yaliyochemshwa na triphala, yaani matunda matatu ya dawa, haritaki, bibhitaki na amla, kisha akapaka asali na samli, mchanganyiko uliomo kwenye Sushruta Samhita, kitabu cha kale cha tiba na upasuaji. Chakula: wali wa mchele uliokaa ghalani, choroko, komamanga. Mtindi (hapo mama alipatia), samaki, achari na pombe, marufuku. Hata kulala mchana! Hilo ndilo lililonishinda.

Kidonda kimefunga, limebaki kovu. Ni asali, choroko au usafi wa daktari? Siwezi kuapa. Mama mwenye nyumba anajisifu mtaa mzima.