Leseni ya redio ya ridhaa, naweza kuitumia kwa kazi ya boti?

Nahodha_T: Wakuu, nikipata leseni ya redio ya ridhaa (ya wapenda redio, "amateur") Tanzania, naweza kuongea na boti zangu za uvuvi kwa masafa hayo? Tofauti na redio upepo za kampuni ni nini hasa?

Waya_Mrefu: Hapana. Ridhaa hairuhusu biashara: hata "leteni barafu" kwa boti yako ni kosa. Huruhusiwi pia kuficha ujumbe kwa maneno ya siri, na lazima utaje alama yako ya wito (za Tanzania huanza na 5H). Kampuni hupewa masafa yake na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na redio inafungwa chaneli hizo tu. Ya ridhaa inazunguka bendi nzima (fungu zima la masafa), mfano 144 hadi 146 MHz, na kifaa unaruhusiwa kujiundia. Ndiyo maana kuna mtihani.

Bara_Pwani: Kwa boti chukua redio ya VHF (masafa ya juu sana) ya baharini. Chaneli 16, yaani 156.8 MHz, ni ya dharura na kuitana. Mkishapatana hamieni nyingine. Nguvu ya redio wati 25, antena juu ya mlingoti. Mawimbi haya huenda karibu mstari mnyoofu, kwa hiyo kimo cha antena kinashinda wati.

Waya_Mrefu: Ukipenda ridhaa kama burudani, anza na 7.1 MHz; antena yake ni waya mbili, mita 10 na ushee kila upande. Kata sentimita 5 kwa mara, ukipima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) hadi ishuke chini ya 1.5. Ukikata sana, utaunga.

Nahodha_T: Sawa, naanza na ya baharini.