Mjadala: Ripoti ya furaha inatuonea Watanzania, au hatutaki kusikia tulichojibu wenyewe?

Mleta mada, Dar es Salaam

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naleta mada ambayo kila mwaka tunaigusa kwa hasira kisha tunaiacha njiani.

Kila Machi, siku zinazozunguka tarehe 20 ambayo Umoja wa Mataifa umeifanya Siku ya Furaha Duniani, hutoka Ripoti ya Furaha Duniani. Finland inaongoza, kama ilivyoongoza tangu 2018, na sisi tunajikuta mkiani. Mwaka 2017 tulikuwa wa 153 kati ya nchi 155. Mwaka 2018, wa 153. Mwaka 2019, wa 153 tena. Baadaye tumesogea kidogo, na 2024 tulishika nafasi ya 131 kati ya nchi 143.

Kinachofuata mnakijua. Mmoja anasema wazungu wamekaa ofisini wametutungia namba. Mwingine anasema waje Manzese Jumamosi jioni waone watu wanavyocheka. Wa tatu anaichukua habari hiyo hiyo akamsemee nayo rais aliyeko madarakani. Wote watatu wameishia kwenye kichwa cha habari.

Ndani ya ripoti mambo yako hivi. Kampuni ya Gallup huhoji watu wapatao 1,000 katika kila nchi kwa mwaka. Swali linalopanga nafasi ni moja tu. Unaambiwa ufikirie ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10. Juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata wewe, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Unaulizwa: leo umesimama kipandio cha ngapi? Majibu ya miaka mitatu yanatafutiwa wastani, na nchi zinapangwa. Yale mambo sita yanayotajwa kila mara, yaani pato la taifa kwa kila mtu, kuwa na mtu wa kukusaidia, miaka ya kuishi na afya, uhuru wa kuchagua, ukarimu na rushwa, huletwa baadaye kujaribu kueleza kwa nini majibu yalikuwa vile. Hayaingii kwenye kupanga nafasi.

Kwa hiyo hakuna mzungu aliyetuhesabia vicheko. Mwaka 2017 wastani wetu ulikuwa 3.3, na waliotoa jibu hilo ni Watanzania.

Msimamo wangu ni kwamba ngazi hii inapima zaidi usalama wa maisha kuliko uchangamfu. Chukulia mama mwenye genge la nyanya na vitunguu Mbagala. Anataniana na wateja, ana kikoba chake, Jumapili yuko kwaya. Ukimuuliza kama jana alicheka, atakwambia alicheka sana. Lakini anajua kabisa kwamba mtoto akilazwa wiki mbili, mtaji umekwisha, na akilazwa mwezi, kiwanja kinauzwa. Akisimama kipandio cha 3, hajasema uongo na wala hajalalamika. Amefanya hesabu. Inaniuma sana tunapomjibu huyu mama kwa kumwambia mbona jana ulikuwa unacheza muziki.

Basi tujadili kwa hoja. Tunaonewa, au tunaukimbia ukweli?

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, umeeleza vizuri, ila sikubaliani nawe. Umesahau mtu anayejibu ni nani na anamjibu nani.

Huku kwetu mgeni usiyemjua akikuuliza hali, unasema "tunasukuma siku" hata kama jana umeuza ng'ombe sita. Kusema uko kipandio cha 8 mbele ya mtu mwenye karatasi ni kujitangaza, na anayejitangaza anatafuta kijicho, wakopaji na watu wa kodi. Halafu kuna jambo ambalo mtu wa mjini halioni haraka. Kijijini, anayekuja na maswali kuhusu maisha yako mara nyingi anafananishwa na watu wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mpango wao wa Kunusuru Kaya Maskini umekuwa ukichagua kaya kwa kuangalia hali duni. Nani atasema yuko juu, halafu jina lake likatwe?

Hiyo 3.3 yenu ina unyenyekevu ndani yake, ina hofu, na ina hesabu ya mtu anayesubiri msaada. Usiite yote ukweli wa maisha.

Mchangiaji, Mombasa

Nawasalimu kutoka Pwani ya Kenya. Ndugu wa Mwanza, hoja ya kijicho naielewa, kwani hapa Mombasa kijicho tunacho cha kutosha. Na watu wetu pia hujibu "namshukuru Mungu" hata nyumba ikivuja. Mbona basi mwaka huo huo wa 2017 Kenya ilikuwa ya 112? Dini zile zile, lugha ile ile, kuna hata koo zilizogawanywa na mpaka wa Horohoro. Unyenyekevu peke yake haufikishi tofauti ya nafasi 41.

Lakini nawe mleta mada una deni kwetu. Katika orodha hiyo hiyo ya 2017, Somalia ilikuwa ya 93. Juu ya Kenya, na juu yenu kwa nafasi 60. Ikiwa ngazi inapima usalama wa maisha kama unavyosema, tueleze Somalia imefikaje huko.

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu wa Mombasa, hiyo ndiyo hoja ngumu kuliko zote na sitaikwepa.

Kwanza, Gallup huacha maeneo ambayo wahojaji wao hawawezi kufika kwa sababu ya usalama. Kwa nchi yenye vita, maana yake wanaohojiwa ni wale walio mahali penye nafuu. Pili, kilele cha ngazi hakifanani kwa watu wote. Unaambiwa maisha bora *kwako wewe*. Mtu aliyekimbia risasi miaka ishirini, leo duka limefunguliwa na ndugu aliyeko Minneapolis, Marekani, anatuma fedha kila mwezi, anaweza kuona amepanda vipandio vitatu. Kijana wa Tanzania ambaye hajaona vita, aliyesomeshwa hadi chuo kwa kuuza mashamba ya ukoo na sasa anaendesha bodaboda ya mkataba, yeye anapima umbali kati ya alichoahidiwa na alichonacho. Naamini umbali huo unauma kuliko umaskini wenyewe.

Ndiyo maana nafasi ya 93 au 153 siipi uzito. Kushindanisha nchi mbili jirani kwa kipimo hiki ni kazi hafifu. Wastani wa 3.3 kati ya 10 ndio unaoninyima usingizi, hata tungekuwa peke yetu duniani.

Kuhusu TASAF, ndugu wa Mwanza, hoja yako ni nzito na sijawahi kuiona ikiandikwa popote. Ila iangalie vizuri. Mtu anayeogopa kusema yuko kipandio cha 5 kwa sababu ruzuku itakatwa, huyo kweli yuko cha 5?

Mchangiaji, Unguja

Wanangu, assalaam aleikum. Mimi ni mtu mzima, niwieni radhi nikisema polepole.

Swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Unamwambia mtu aliyekinai: hebu fikiria maisha bora kuliko yote, kisha ujipime umepungukiwa kiasi gani. Asiyekuwa na njaa umemtia njaa. Sisi tulilelewa kwamba riziki ina mgawaji, na kukinai ni utajiri. Baba yangu alikuwa mvuvi. Ungemuuliza kipandio gani, angekuuliza ngazi ya nini, nyumba yetu ni ya chini.

Mjukuu wangu kanisomea kuwa hata watafiti mabingwa wa Marekani, Daniel Kahneman na Angus Deaton, waliandika 2010 kuwa ukipita kiasi cha dola 75,000 kwa mwaka, fedha haiongezi tena raha ya siku hadi siku. Basi kama wenyewe wamefika huko wakarudi, kwa nini nyinyi mnakimbilia?

Mchangiaji, Mombasa

Mzee wangu, waaleikum salaam, na shikamoo. Nakujibu kwa heshima. Dola 75,000 ni mbali mno na sisi. Hoja ya Kahneman ilihusu watu walioshiba, nasi tunazungumzia walio chini ya paa la nyasi.

Na hilo lilipimwa hapa kwetu. Rarieda, katika kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly liliwapa watu maskini fedha kwa M-Pesa bila masharti yoyote, kati ya 2011 na 2013. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia na kuchapisha matokeo 2016. Waliopewa walikula vizuri zaidi, walikuwa na mali zaidi, na nafsi zao zilitulia. Matumizi ya pombe na sigara hayakupanda, ingawa hilo ndilo kila mtu huogopa maskini akipewa fedha.

Lakini nisiseme nusu. Ilionekana pia kwamba majirani waliokosa, kuridhika kwao na maisha kulishuka. Hapo mzee una haki yako. Nyumba ya jirani ikiezekwa mabati, ya kwako ya nyasi inaanza kuonekana.

Mleta mada, Dar es Salaam

Shikamoo mzee. Naongeza neno moja tu kwa ndugu wa Mombasa. Huyo huyo Kahneman, mwaka 2023, alirudi kwenye swali hilo pamoja na Matthew Killingsworth na Barbara Mellers. Wakakuta kwamba kwa watu wengi raha inaendelea kupanda pamoja na kipato hata baada ya kiasi kile. Wanaofika mahali fedha ikaacha kusaidia ni kundi la wale wenye majonzi mengi zaidi.

Kukinai nakuheshimu, mzee, nami nimelelewa nako. Tatizo langu ni pale viongozi wanapotuhubiria kukinai huku wao wakitibiwa nje ya nchi. Baba yako mvuvi alijichagulia kukinai. Mama wa Mbagala anaambiwa akinai na watu ambao mtoto wao hajawahi kuzuiwa hospitali kwa sababu ya bili.

Mchangiaji, Helsinki

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, niko Finland, nafanya kazi ya kutunza wazee. Nimesoma yote nikaona niseme, maana nchi ninayoishi ndiyo mnayoitumia kama kipimo.

Hapa hakuna kinachofanana na furaha mnayoifikiria. Kwenye basi kila mtu anatazama dirishani. Novemba jua linapotea mapema na watu wanajifungia. Nina wazee ambao mimi ndiye mtu pekee wanayezungumza naye tangu asubuhi. Moshi mzee wa namna hiyo angekuwa na wajukuu watano miguuni.

Lakini waulize hao hao kipandio gani, watakwambia cha 7 au 8 bila kusita. Nilishangaa sana mwanzoni. Sasa naelewa. Mtoto wa shule anakula chakula cha mchana bure, na imekuwa hivyo tangu 1948. Ukiugua, ada unayolipa hospitali ni ndogo, haikufikirishi kuuza kitu. Ukifukuzwa kazi hulali na hofu ya kodi ya nyumba. Mwaka 2017 na 2018 serikali ilifanya jaribio: watu 2,000 wasio na ajira walipewa euro 560 kila mwezi, watafute kazi wasitafute. Kwenye ajira matokeo yalikuwa madogo. Kwenye maisha, waliopewa waliridhika zaidi na msongo wao ulipungua kuliko wenzao.

Ninyi mnabishana kicheko au fedha. Mimi naona hapa wamejenga kimoja na kingine kimewaponyoka, na nyumbani vivyo hivyo kwa upande wa pili. Ripoti hiyo huandika pia kama watu walicheka jana, kama walikuwa na wasiwasi, huzuni au hasira. Sehemu hiyo haipangi nafasi, ndiyo maana hamuioni kwenye magazeti. Isomeni.

Mchangiaji, Mwanza

Dada wa Helsinki, asante. Nimesogea kidogo, ila sijahama.

Bado siamini kipimo kilichotengenezwa mbali, na swali la ngazi kuulizwa na mtu nisiyejua amekuja kwa nini. Basi tujiulize wenyewe. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Ule wa 2017/18 ulihesabu chakula, vitanda, mabati, redio, ukatwambia asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Sijui kama ulimuuliza mtu anayaonaje maisha yake. Uingereza ofisi yao ya takwimu inauliza wananchi swali hilo tangu 2011. Karani wetu aulize ngazi, aulize na kicheko cha jana. Kisha aongeze swali langu: mtu wa nyumbani akilazwa kesho, fedha itatoka wapi? Mtaji, kiwanja, ndugu, au bima?

Mleta mada, Dar es Salaam

Hilo swali la mwisho nalichukua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tumepitisha 2023. Utafiti ujao ukiuliza hivyo, tutaona ni wangapi wanajibu "bima" na ni wangapi bado wanajibu "kiwanja", mkoa kwa mkoa. Anayetaka swali hilo lisiwekwe, aje na sababu yake hapa.

Mchangiaji, Unguja

Mimi sipingi. Ila muulizeni pia kama jana alikula peke yake au na watu. Na Zanzibar tuna ofisi yetu ya takwimu, msitusahau.