Blanketi la Mtoto (gumzo la kikundi cha ukoo)

IJUMAA

Da Mkubwa, 6:12
Shikamoo Bibi, shikamooni wakubwa, wengine habari za asubuhi. Nakumbusha TENA blanketi la mtoto wa Kitinda. Vipande 30, kila kimoja sentimita 20 kwa 20, tukiunga vitano kwa sita tunapata mita 1 kwa mita 1.2. Mpaka sasa aliyenijibu ni Kaka peke yake na amejibu kwa kidole gumba

Da Mkubwa, 6:15
Uzi mweupe ninao wote, vicha vinane vya gramu 100, sufu tupu. Kesho tunautia rangi WOTE siku moja sufuria moja. Msiniambie kila mtu achovye kwake, maganda ya vitunguu hayatoi rangi ile ile mara mbili hata upime vipi, tukija kuunga vipande kila kimoja kitakuwa na njano yake

Kaka, 7:40
👍

Da Mkubwa, 7:41
Kaka

Binamu, 8:05
sindano namba ngapi dada

Da Mkubwa, 8:09
Milimita 4. Ila namba peke yake haisaidii, kila mtu ana mkono wake. Fuma kipande kidogo cha majaribio, kifue, kilaze kikauke, halafu ndo upime, maana sufu ikishalowa inalegea, unaweza kudhani ni 20 kumbe ni 22. Na nyie mnaokaza uzi pandeni sindano, wekeni 4.5

Shemeji, 8:11
hapo katajwa mtu bila kutajwa 😂

Kaka, 8:12
Mkono wangu una shida gani

Shemeji, 8:12
vipande vya Kaka vitatoka vidogo vigumu, tufanye vya kushikia sufuria 😂😂

Binamu, 8:13
🤣🤣 vya kushikia sufuria ya moto kabisa

Da Mkubwa, 8:20
Jamani tusitoke kwenye mada. Nani anakuja kesho? Kuna kazi ya kufunga vicha, kila kicha kifungwe sehemu nne kwa uzi wa pamba, kwa kulegeza, ukikaza hapo rangi haipiti panabaki madoa meupe. Halafu kulowesha, halafu shabu ya kushikisha rangi. Uzi ni gramu 800 kwahiyo shabu gramu 80 mpaka 120, nimeshapima. Kilichobaki ni sufuria kubwa tu

Mama Mdogo, 9:02
Nilikuwa kimya ila mmetaja sufuria. Hiyo ya lita 30 mnayoiwaza ni yangu. Ilitoka kwangu ya kupikia, haijarudi mpaka leo

Da Mkubwa, 9:06
Shikamoo Mama Mdogo. Sufuria ikishaingia shabu na rangi hairudi tena jikoni, sio salama, ndo maana tuliiacha huku. Na ya chuma cha kawaida haifai, chuma kinafifisha rangi, njano inageuka kijani cha tope

Mama Mdogo, 9:15
Hayo ningeambiwa kabla. Na wala sio sufuria tu, mnajua

Mama Mdogo, 9:16
Ujumbe huu umefutwa

Shemeji, 9:31
leo jua kali eeh

Kitinda, 11:48
Samahanini nilikuwa nimelala. Nina swali moja la maana, blanketi nitalifuaje? Mtoto atalichafua kila siku, mnakumbuka sweta la Kaka lililoingia kwenye mashine

Kaka, 11:50
Sweta lile lilikuwa zuri

Binamu, 11:50
mwanasesere alilivaa vizuri sana 🤣

Kitinda, 11:52
Nauliza kweli jamani

Da Mkubwa, 11:58
Kitinda mdogo wangu usihofu, unalifua kwa mkono. Maji vuguvugu, sabuni laini, usisugue, usiliminye kwa kulisokota. Sufu inajikunja ikipata joto na msuguano kwa pamoja, au ikitolewa maji ya moto ghafla ukaitia ya baridi. Unalikandamiza ndani ya taulo kisha unalilaza kivulini. Nitakuandikia karatasi

Da Mkubwa, 12:10
Kingine. Kabatini kuna vile vicha vitatu vya bluu vya Mama. Nimefikiria nivichovye kwenye hiyo hiyo njano vitoke kijani, tupate rangi mbili zinazoelewana. Bluu ile peke yake itapiga kelele pembeni ya njano. Asiye na pingamizi nyamazeni tu

Binamu, 12:30
👍

Kitinda, 14:26
Bibi nimemsomea yote. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze:

Kitinda, 14:29
“Wajukuu zangu nawasalimu. Ule uzi wa bluu mwanangu aliuchovya mwenyewe kwenye nili. Nilikuwa nimekaa naye. Unatoka kijani, unaupunga hewani mpaka ugeuke bluu, unaurudisha. Aliurudisha mara nyingi mpaka akaridhika. Rangi anayoitaka ndiyo hiyo. Hautaingia sufuria nyingine. Na huyo mtoto alale na mkono wa nyanya yake aliyetangulia. Sufuria ya watu muilipe.”

Da Mkubwa, 15:47
Nimekusikia Bibi. Nisamehe

Kaka, 15:50
Na mimi kesho nakuja. Nitafunga vicha. Kwa kulegeza

Da Mkubwa, 16:20
Sawa. Basi bluu inabaki bluu. Nitaisuuza mpaka maji yatoke meupe maana nili huwa inaachia rangi mikononi. Vipande vitano au sita tufume kwa kupishanisha, mistari miwili bluu miwili njano, macho yatazizoea. Mimi nafuma hivyo vya bluu

Mama Mdogo, 16:41
Vya bluu nilitaka nifume mimi. Alikuwa dada yangu

Da Mkubwa, 16:58
Tugawane Mama Mdogo? Vitatu vitatu

Da Mkubwa, 18:30
Mama Mdogo?

Shemeji, 21:05
kesho saa ngapi sasa, na sufuria ndo ipi

Da Mkubwa, 21:07
Saa tatu asubuhi. Sufuria nasubiri jibu. Kama hakuna tutatia rangi mafungu mawili kwenye ndogo na kila kipande tupishanishe fungu la kwanza na la pili

JUMAMOSI

Mama Mdogo, 5:55
Nakuja. Ya sufuria tutaongea nikifika